Mwachie Mgeni Kijiti

Jioni moja ya Jumamosi, jikoni kwetu Mombasa, shemeji yangu alinishika mkono na kunizuia. Nilikuwa nimeinamia glasi moja nikiikoroga kwa bidii, nikikandamiza vipande vya ndimu kwa kijiti chenye asali ili kinywaji kimfikie mgeni kikiwa tayari kabisa, kisimpe kazi yoyote. "Hapo basi, shemeji," aliniambia kwa upole. "Ukikoroga wewe mpaka mwisho, utakuwa umemnywea. Mwachie mwenyewe kijiti chake." Kisha akaitua glasi juu ya sinia, kijiti kimesimama ndani yake na tone la asali likiteremka taratibu kuelekea kwenye barafu, akaibeba kwenda sebuleni.

Shemeji huyu alifanya kazi miaka mingi katika hoteli za ufuoni, Pwani ya Kusini, kwanza mezani na baadaye kaunta, hadi alipostaafu. Si mtu wa maneno mengi. Hata hivyo maneno yale machache yamenikaa tangu jioni hiyo, na hunijia kila ninaposhika kisu kukata ndimu. Nilikuwa nikiamini kwamba kumkirimu mtu ni kummalizia kila kitu: chakula kipakuliwe, sukari itiwe, mto uwekwe mgongoni, asinyanyue hata kidole. Nani aliyetufunza hivyo? Na je, tumewahi kumwuliza mgeni kama ndivyo anavyopenda?

Kinywaji tulichokuwa tukikitengeneza ni kile ambacho Wakenya na wageni wao wanakiita dawa. Umaarufu wake umefungamana na mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980 upande wa barabara ya Langata, mahali ambapo nyama huchomwa juu ya shimo kubwa la makaa na kuletwa mezani ikiwa bado kwenye upanga. Pamoja na wenye nyama huzunguka mhudumu wa kinywaji, Daktari Dawa kama wanavyomwita, trei imening'inia shingoni ikiwa na mahitaji yake yote: ndimu zilizokatwa, sukari, asali, barafu, chupa ya vodka na vijiti vya mti. Hutengeneza palepale, mbele ya macho ya mwenye kiu. Ukoo wa kinywaji chenyewe uko mbali, kule Brazil, ambako watu huponda ndimu na sukari ndani ya glasi, wakatia barafu na cachaça, pombe kali itokanayo na maji ya miwa, wakaiita caipirinha. Kilipofika kwetu, vodka ilishika nafasi ya cachaça, asali ikaongezwa, na kikapewa kijiti.

Kwa maoni yangu ni kijiti kilichokifanya kiwe chetu. Caipirinha hupondwa na mtengenezaji, ikafika mezani imekwisha kazi. Dawa huja na sehemu ya kazi ikiwa bado mkononi mwa mnywaji. Asali imeganda kwenye ncha ya kijiti, na barafu huifanya iwe ngumu zaidi, hivyo haiyeyuki ila kwa kuzungushwa bila haraka. Apendaye utamu huzungusha mpaka asali yote iishe. Apendaye ukali hukitoa kijiti mapema na kukilaza kando. Yule anayetaka uchachu hasa huvibana vipande vya ndimu chini ya glasi, akaonja, akavibana tena. Watu wawili wakipewa glasi zilizotengenezwa kwa kipimo kimoja, baada ya dakika kumi kila mmoja ana kinywaji chake.

Ukitazama vizuri utaona kwamba hivyo ndivyo tulivyozoea kuitendea ndimu. Supu ya asubuhi huletwa na kipande cha ndimu kwenye kisahani. Mishkaki vivyo hivyo, viazi vya karai vivyo hivyo. Muuza mahindi ya kuchoma huchovya nusu ndimu ndani ya chumvi na pilipili, lakini kabla hajaipitisha juu ya punje hukutazama usoni na kuuliza, "Nikutilie?" Chumvi ya mchuzi ni ya mpishi, mafuta ni ya mpishi, moto ni wa mpishi, ila uchachu tumeuacha kwa mlaji. Sijawahi kumwona mama wa Pwani akikamulia ndimu sahani ya mtu mwingine bila kumwuliza, labda iwe ni ya mtoto mdogo. Sidhani kwamba jambo hili liliwahi kukaliwa kikao likaamuliwa. Ni adabu iliyoota yenyewe, miaka na miaka, mezani na barabarani, kutoka kwa watu waliojua kwamba ulimi wa mtu ni wake.

Kutengeneza nyumbani kinywaji cha namna hii, kikatoka kama cha mkahawani, si kazi ngumu, ila kinataka uangalifu katika mambo madogo. Huanzia sokoni. Pale Kongowea ndimu hupangwa mafungu, na mgeni wa soko hukimbilia zile za kijani kibichi, ngumu, zinazong'aa. Mwenye kujua huchagua zilizoanza kugeuka manjano, ngozi nyembamba, nzito mkononi kuliko zinavyoonekana, kwa sababu hizo ndizo zenye maji. Tena ziwe ndimu, si malimau. Limau ni kubwa na uchachu wake ni mpole. Ndimu ni ndogo, kali, na ganda lake lina harufu ambayo haina badali. Ukifika nyumbani zivingirishe juu ya meza chini ya kiganja, kwa uzito kidogo, mpaka uzisikie zimelegea. Kata moja vipande vinne. Toa ule uzi mweupe wa katikati, ndio unaoleta uchungu. Weka vipande ndani ya glasi fupi nene, nyunyiza vijiko viwili vidogo vya sukari, kisha bonyeza.

Nimesema bonyeza, sikusema ponda. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Punje za sukari zikisuguana na ganda huvuta mafuta yake, na hayo mafuta ndiyo yanayopanda puani kabla kinywaji hakijafika mdomoni. Lakini ukitwanga kama unayetwanga kisamvu, ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda hutoa uchungu wake wote, na hakuna sukari itakayoufunika. Shemeji alinionyesha kwa mkono wake: mchi mdogo wa mti, mara tano au sita, akigeuza glasi kidogo kila mara, sikio lake limeinama kana kwamba anasikiliza. Kisha barafu, iliyofungwa ndani ya kitambaa safi na kugongwa mpaka ikawa kama kokoto. Kisha vodka, mililita 50, zilizopimwa, si za kukisia. Mwisho kijiti kilichochovywa kwenye asali nzito. Na ndimu iwe imekatwa wakati huohuo. Maji ya ndimu yaliyokamuliwa asubuhi hayana tena uhai jioni, na yale ya chupa ni kitu kingine kabisa.

Lakini mtu anaposema kwamba anataka nyumbani kwake kinywaji "kama cha mkahawani", anatamani nini hasa? Vitu vyote nilivyotaja hupatikana sokoni na dukani, na fedha ya glasi moja katika mkahawa wa fahari inaweza kununua mafungu kadhaa ya ndimu. Nadhani tunachokitamani ni kule kuhudumiwa: mtu kusimama mbele yako, akutazame, akutengenezee wewe kitu ambacho hakikuwapo kabla hujaketi. Nyumbani tumeacha kufanyiana hivyo. Friji hufunguliwa, chupa ya soda ikatolewa, mgeni akakabidhiwa pamoja na glasi, nasi tukarudi kwenye simu zetu. Halafu tunakwenda kununua mahali pengine, kwa bei kubwa, dakika tano za kuangaliwa na mtu tusiyemjua.

Wala mkahawani hatuzipati kila siku. Niliwahi kuketi katika mkahawa mmoja mzuri pamoja na wenzangu watano, tukaagiza dawa. Zilikuja haraka mno, zimekwisha kukorogwa, tamu kama shira, bila kijiti. Hilo ningelisahau. Ambalo sikulisahau ni kwamba mwenzetu mmoja aliomba yake isitiwe kileo, na mhudumu akamjibu kwamba basi kuna soda. Mwenzetu mwingine akaingilia akicheka, "Kidogo tu, haitakuua." Aliyeomba akatabasamu, akaagiza maji, na jioni nzima akawa kama mtu aliyesimama mlangoni. Nilijua sababu yake. Alikuwa amemaliza miezi saba tangu aache pombe, na miezi hiyo ilikuwa imemgharimu kuliko yeyote pale mezani alivyoweza kukisia. Mimi nilinyamaza. Nilipaswa kusema neno, nami sikulisema.

Kwa hiyo jioni ile ya Jumamosi nilimwangalia shemeji kwa makini zaidi kuliko alivyojua. Tulikuwa watu saba, na watatu kati yetu hawanywi. Alianza na glasi zao, chupa ya vodka ikiwa bado imefungwa kabatini. Ndimu ileile, sukari ileile, barafu ileile. Mahali pa vodka akatia maji yenye gesi na kijiko cha maji ya tangawizi aliyoisaga na kuichuja mwenyewe. Kijiti cha asali hakikukosekana. Akazipanga kwenye sinia lake peke yake, akazipeleka, zikatangulia kufika. Ndipo alipofungua chupa kwa ajili ya sisi wengine. Sebuleni watu saba walishika glasi za umbo moja, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Wapo wageni ambao hata kukaa mahali penye chupa hawaoni sawa, na siku wanapokuja hao chupa haitoki kabatini. Shemeji hakuhitaji kulieleza hilo, maana katika mji huu tumelelewa hivyo.

Sababu za mtu kutokunywa ni nyingi na nyingine ni za ndani sana. Yupo anayezuiliwa na dini yake. Yupo anayemeza vidonge vya hospitali visivyopatana na pombe. Yupo dada ambaye ana mimba changa na bado hajamwambia mtu. Yupo atakayeendesha gari usiku na watoto wa watu ndani yake. Yupo mtu kama yule mwenzetu. Kuna haja gani mtu afungue kifua chake mbele ya meza nzima ndipo apate glasi ya ndimu? Tunajisifu kuwa watu wa ukarimu, nasi ni watu wa ukarimu kweli, lakini kuna aina ya kukaribisha ambayo hugeuka kuwa kushurutisha: kula kidogo zaidi, kunywa kidogo tu, utanivunjia heshima ukikataa. Anayesema hivyo mara nyingi ana nia njema. Hata hivyo aliyeambiwa hana pa kutokea, na akikubali, amekubali kwa ajili ya mwenyeji. Hapo nani amemkirimu nani?

Hili linanirudisha kwenye jina lenyewe. Ukiagiza dawa katika mikahawa mingi ya Nairobi siku hizi utaulizwa unataka ipi, au utaletewa tu kikombe cha moto: limau, tangawizi na asali, ile ya mafua na koo. Vinywaji viwili, jina moja. Nafurahi kwamba jina halijahodhiwa na kile chenye pombe, kwa sababu pombe si dawa na hatuna haja ya kuipa heshima isiyo yake. Kilicho dawa ndani ya glasi ile ni tunda. Mwaka 1747, ndani ya meli ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa unaoozesha fizi na kufungua upya makovu ya zamani, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau walianza kuinuka ndani ya siku chache. Alichapisha matokeo yake mwaka 1753. Jeshi la majini la nchi yake lilikuja kuagiza maji ya malimau kwa mabaharia wake mwaka 1795, na kwa miaka yote hiyo ya katikati watu waliendelea kufa kwa kukosa kitu kinachouzwa sokoni kwa mafungu.

Pwani yetu ilikuwa imekwisha kukitoa kitu hicho bila kuombwa. Msafiri Mreno Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, kumbukumbu za safari hiyo, zilizoandikwa na mmoja wa watu wake, zinaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa, pamoja na pete ya kuwathibitishia usalama. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Malimau na miwa: uchachu na utamu, vikiwa vizima, vimefika kwa watu waliokaa baharini miezi mingi. Mambo kati yao na Mombasa hayakwenda vyema. Palikuwa na shaka pande zote mbili, na miaka michache baadaye Wareno walirudi na mizinga. Sitaki kuifanya hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Walipopita tena Malindi Januari 1499, baada ya kuvuka bahari kwa karibu miezi mitatu, wagonjwa wao waliyatamani machungwa, wakaletewa, na wengi walikufa hata hivyo. Lakini katika siku zile za mwanzo, kabla mambo hayajaharibika, mtu aliyekuwa na tunda alimpelekea mgeni asiyemjua, akamwachia ajue mwenyewe atalifanyia nini.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeusikia msemo huu tangu utotoni, na siku zote niliuelewa kwa upande wa chungu: mgeni akija hupikwa vizuri, na wenyeji nao hushiba. Ndiyo maana yake, siikatai. Ila tangu nianze kutengeneza kinywaji hiki nyumbani nimeona kwamba kuna kitu kingine kinachopona. Mkono uliokuwa umeshika simu hushika ndimu. Mtu huanza kukumbuka nani anapenda utamu, nani meno yake hayastahimili barafu, nani hanywi. Nyumba nzima hunukia ganda la ndimu, na harufu hiyo hubaki kwenye vidole hadi asubuhi ya pili.

Miongoni mwa wageni wetu siku ile alikuwapo mama mmoja jirani, mtu mzima, wa wale watatu wasiokunywa. Wengine walikunywa na kuongezewa. Yeye alikuwa bado na glasi yake ya kwanza. Alizungusha kijiti pole pole, akaonja, akatikisa kichwa. Akakibana kipande kimoja cha ndimu, akaonja tena. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye mambo mengine. Nilikaribia kunyanyuka nikamsaidie. Shemeji alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba, nikakaa. Baada ya muda mama alikitoa kijiti, kikiwa bado na asali kiasi, akakilaza juu ya kisahani, akanywa, akafumba macho kidogo. "Sasa imekuwa," akasema.

Ukijaribu nyumbani kwako, usikose kijiti. Mpini wa mwiko mdogo utafaa, au kijiko chembamba cha mti, mradi ushike asali. Tengeneza kwanza za wasiokunywa. Kisha peleka glasi kabla hujazikoroga, na ukiona mgeni wako anachelewa, mwache achelewe.